Kalamu nyekundu ije mapema

Wiki ya kwanza ya muhula mpya, pita kwenye korido za idara katika vyuo vikuu vyetu. Nje ya mlango wa mhadhiri, juu ya meza au ndani ya boksi lililokuwa na karatasi za fotokopi, utakuta rundo la kazi za muhula uliopita. Zimesahihishwa. Kila ukurasa una wino mwekundu: "fafanua", "chanzo?", "hoja haieleweki", "lugha!". Alama imeandikwa juu kulia na kuzungushiwa duara. Wenye kazi hawajaja kuzichukua. Alama walishaziona kwenye mfumo wa matokeo, na hizo ndizo walizokuwa wakizisubiri. Maelezo mengine yote, yaliyomkosesha mwalimu usingizi, hayana msomaji.

Nianze kwa kuwatetea wanafunzi. Mtu akikuambia "fafanua" wakati kazi imeshakusanywa na alama imeshaingizwa, utafafanua ili iweje? Maelezo hayo yamechelewa. Yanamhukumu mwandishi kwa jambo ambalo hana tena uwezo wa kulirekebisha, na kazi inayofuata itakuwa ya somo jingine, mada nyingine, pengine na mhadhiri mwingine. Mwanafunzi anayeliacha rundo lile koridoni anapima faida yake vizuri tu. Tunachopaswa kukibadili ni wakati ambao maelezo yanamfikia.

Njia ipo, na inaelezeka kwa maneno machache. Kazi ya muhula, ile asaimenti inayotolewa wiki ya pili na kukusanywa wiki ya kumi na mbili bila mtu yeyote kuiona katikati, inakatwa vipande. Kwanza mwanafunzi analeta swali analotaka kulijibu. Baadaye analeta vyanzo alivyosoma na maoni yake kuhusu kila kimoja. Kisha kiunzi cha hoja, kisha rasimu, kisha rasimu iliyodurusiwa, na mwisho nakala safi. Kila kipande kinapitiwa na jicho la mtu mwingine, mwalimu au mwanafunzi mwenzake, kabla kinachofuata hakijaanza.

Tunaijua njia hii vizuri, maana ndiyo tunayomfanyia mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Yeye hupewa msimamizi, huandika pendekezo la utafiti, hulitetea mbele ya jopo, huwasilisha sura moja baada ya nyingine, na kila sura humrudia ikiwa na maelekezo. Hakuna idara inayomwambia mtu wa uzamili aende zake, arudi mwakani na tasnifu nzima. Msaada huo tumempa mtu ambaye ameshaandika kazi za kitaaluma kwa miaka mitatu au minne, tukamnyima wa mwaka wa kwanza aliyetoka sekondari juzi. Anayeuhitaji zaidi ndiye anayeukosa, na sioni sababu ya kitaaluma inayoweza kuuhalalisha mpango huo.

Huyo wa mwaka wa kwanza anafika chuoni na mazoea aliyojengewa na mitihani. Chukua mtihani wa KCSE wa Kenya: karatasi ya kwanza ya Kiswahili inamtaka mtahiniwa aandike insha mbili kwa saa 1 na dakika 45, kila insha alama 20. Mtahiniwa mwerevu hapotezi muda kuandika rasimu. Anaandika moja kwa moja, kwa mwandiko unaosomeka, anakata anapokosea, anasonga mbele. Tanzania nako, katika vyumba vya mitihani vya kidato cha nne na cha sita, mwendo ni huohuo. Kwenye mtihani ustadi huo una kazi yake. Shida inaanza mwanafunzi anapouhamishia chuoni. Kwake kuandika ni tendo la mara moja, linalofanywa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, na alfajiri ni foleni ya steshenari ili kuprinti na kutoboa karatasi. Neno la kwanza lililomjia ndilo linalobaki, na hoja ya kwanza iliyomjia ndiyo hoja.

Utafiti ulipomfuata mwandishi mezani

Mwaka 1971 mtafiti Janet Emig alichapisha nchini Marekani utafiti kuhusu wanafunzi wanane wa darasa la kumi na mbili, wenye umri wa miaka 16 na 17, kutoka eneo la Chicago. Kabla yake, waliofundisha uandishi walizoea kutazama kazi iliyokwisha kuandikwa na kutafuta makosa yake. Emig aliwataka vijana hao waandike mbele yake huku wakisema kwa sauti kila kilichowapitia akilini. Alichokiona hakikufanana na vitabu vya kiada, vilivyofundisha kwamba mtu hupanga kila kitu kwanza kisha akajaza. Vijana wale walisita, walirudi nyuma, waligeuza wazo katikati ya sentensi. Alibaini pia kwamba kazi za shule walizirekebisha kidogo kuliko maandishi waliyojiandikia wenyewe.

Mwaka uliofuata Donald Murray aliandika makala fupi iliyowagusa walimu wengi. Murray alikuwa mwanahabari, mshindi wa Tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1954, kabla ya kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha New Hampshire. Aliwaomba walimu wafundishe mchakato wa kuandika badala ya kuishughulikia bidhaa iliyokamilika. Kwa makadirio yake, asilimia 85 ya muda wa mwandishi huenda kwenye mambo yanayotangulia uandishi, yaani kutazama, kusoma, kuwaza na kupanga. Kuandika rasimu yenyewe kunaweza kuchukua asilimia 1 tu, na 14 zinazobaki ni za kuandika upya. Mimi naona hiyo asilimia moja ni ndogo mno, na Murray alikuwa akikadiria, hakuwa na saa mkononi. Hata hivyo mlinganishe na mwanafunzi wetu wa usiku mmoja. Karibu muda wake wote unamezwa na ile sehemu ambayo mwandishi mzoefu aliiona kuwa ndogo kuliko zote.

Aliyenifungua macho zaidi ni Nancy Sommers. Mwaka 1980 alichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi 20 wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Boston na Chuo Kikuu cha Oklahoma na watu wazima 20 wazoefu wa kuandika, wakiwamo wanahabari na wahariri. Kila mmoja aliandika insha tatu na kila insha akaiandika upya mara mbili. Wanafunzi, walipotakiwa kuandika upya, waliwinda maneno: hili limejirudia, weka lingine; sentensi hii ndefu, ikate. Wazoefu walikuwa na shughuli tofauti kabisa. Waliuliza hoja yao ni ipi hasa, msomaji atakwama wapi, sehemu ipi haina kazi. Walikuwa tayari kuziacha kurasa nzima walizozitolea jasho. Sommers hakusema kwamba wanafunzi walikuwa wavivu. Walikuwa wakifanya kwa uaminifu kile walichofundishwa, na walichofundishwa kiliishia kwenye neno na sentensi.

Ndiyo maana kumwambia mwanafunzi "rudia kazi yako" peke yake hakutoshi. Ataichukua, atabadili "pia" kuwa "vilevile", atapanua pambizo kidogo, ataileta. Mtu hawezi kuidurusu hoja ikiwa hajawahi kuoneshwa kwamba hoja hudurusiwa.

Mada moja, hatua kwa hatua

Tuseme mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amepewa mada hii: "Athari za mafuriko katika Jiji la Dar es Salaam." Akiachwa peke yake, kila mwalimu anajua atakavyoanza. "Tanzania ni nchi inayopatikana Afrika Mashariki, ikipakana na Kenya na Uganda kwa upande wa kaskazini." Hapo hufuata maana ya mafuriko kutoka kwenye kamusi, kisha athari tano, kila moja na aya yake, kisha hitimisho linaloitaka serikali itoe elimu kwa wananchi. Kazi hiyo haifeli. Inapata alama za katikati, na mwandishi anatoka alivyoingia.

Sasa mfuate mwanafunzi huyohuyo katika hatua. Mwanzoni mwalimu hahitaji ukurasa, anahitaji swali moja kwenye kipande cha karatasi. Mwanafunzi anaandika: "Mafuriko yana athari gani Dar es Salaam?" Karatasi inarudi na maneno matatu: wapi, lini, kwa nani? Anakwenda maktaba, anasoma magazeti ya zamani, anakutana na mvua za Desemba 2011 zilizoua watu wapatao 40 jijini. Anasoma jinsi serikali ilivyozipa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji, familia zilizoondolewa Bonde la Msimbazi, na anakuta taarifa kwamba wapo waliorejea. Swali jipya linazaliwa: kwa nini mtu aliyetolewa Bonde la Msimbazi maji yakiwa kifuani arudi kulekule?

Kwa swali hilo ana kitu cha kutafuta. Katika hatua ya vyanzo anaandika sentensi tatu kwa kila chanzo, kwa maneno yake mwenyewe: kinasema nini, kinathibitishaje, kinaligusaje swali lake. Zoezi hili linaonekana dogo. Kwa uzoefu wa wanaolitumia, hapa ndipo kunakili kunapopungua, kwa sababu aliyelazimika kukieleza chanzo kwa maneno yake hana haja kubwa ya kukiiba.

Rasimu ya kwanza inakuja na msimamo unaotarajiwa: watu wa bondeni ni wabishi, na hawana elimu ya kutosha kuhusu hatari. Inasomwa na mwanadarasa mwenzake, tuseme kijana aliyekulia Magomeni, ambaye pembeni anaandika swali moja: "Mbona karakana ya mwendokasi nayo iko Jangwani?" Kweli iko. Mabasi yaendayo haraka yalianza kutoa huduma Mei 2016, na karakana yake ilijengwa ndani ya bonde hilohilo. Mvua kubwa zikija, maji huingia humo, na Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Hoja ya ubishi na ukosefu wa elimu haiwezi tena kusimama yenyewe, maana waliopanga mradi ule walikuwa wasomi wenye ramani mezani. Mwandishi wetu analazimika kufikiri upya. Pengine kinachovuta watu bondeni ni ukaribu wa Kariakoo, nauli, vibarua vinavyopatikana asubuhi kwa anayewahi. Pengine ardhi ya katikati ya jiji ina mvuto ambao hofu ya maji haiushindi, kwa mwenye kibanda na kwa mwenye mradi mkubwa vilevile.

Rasimu ya pili inaanza na wazo hilo, ambalo katika rasimu ya kwanza halikuwapo kabisa. Na ile Tanzania inayopakana na Kenya na Uganda imeondoka. Hakuna aliyeikata kwa kalamu nyekundu. Ilipopatikana hoja, haikuwa na pa kukaa.

Baada ya hapo ndipo zamu ya lugha inapofika: tahajia, upatanisho wa kisarufi, alama za uandishi, utaratibu wa kutaja vyanzo. Haya ni mambo makubwa na wala siyadharau. Yanakuja mwisho kwa sababu hakuna faida kunyoosha sentensi ambayo kesho itaondolewa. Fundi cherehani humjaribisha mteja nguo ingali imeshikizwa kwa nyuzi. Hangoji mpaka pindo limeshonwa na vifungo vimetiwa ndipo aulize kama inabana.

Sitaki mtu aelewe kwamba hatua hizi ni ngazi ya kupanda bila kushuka. Linda Flower na John Hayes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionesha mwaka 1981 kwamba mwandishi hupanga, huandika na hudurusu kwa kurudiarudia, wakati mwingine yote ndani ya dakika moja. Ratiba ya mwalimu haipaswi kumfungia njia hiyo. Mwanafunzi akigundua wiki ya nane kwamba swali lake la wiki ya tatu lilikuwa dhaifu, aruhusiwe kulibadili, na apongezwe.

Maneno ya kuandika pembeni

Mwaka 1982 Sommers alirudi na ripoti nyingine, iliyotokana na utafiti alioufanya na Lil Brannon na Cyril Knoblauch kuhusu maelezo ya walimu 35 wa Chuo Kikuu cha New York na Chuo Kikuu cha Oklahoma. Matokeo yake yanaumiza kuyasoma ukiwa mwalimu. Maelezo mengi yalikuwa ya jumla kiasi kwamba ungeweza kuyang'oa kwenye kazi ya mmoja ukayabandika kwenye ya mwingine. Mengine yalipingana: katika aya ileile, mwalimu anasahihisha koma na kumtaka mwanafunzi aipanue au aifikirie upya aya yote. Ashike lipi? Atashika koma, kwa kuwa koma ndiyo nyepesi.

Rudi kwenye lile neno "fafanua". Linganisha na haya: "Aya ya tatu inadai watu walirudi kwa sababu ya nauli, lakini ushahidi ulioutoa unahusu bei ya viwanja. Unadai lipi?" Maelezo haya hayawezi kuhamia kwenye kazi nyingine yoyote. Mwanafunzi anajua kwamba amesomwa. Kwenye rasimu, mambo mawili ya aina hiyo yanatosha. Kumi yanamvunja moyo na yote yanaachwa.

Alama je? Ningeshauri isiwekwe kabisa kwenye rasimu. Ruth Butler, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, aliwagawa wanafunzi wa darasa la tano na la sita nchini Israeli: wengine walirudishiwa kazi na maelezo tu, wengine alama tu, wengine alama pamoja na maelezo. Waliopata maelezo peke yake walifanya vizuri zaidi katika kazi zilizofuata. Waliopewa vyote viwili hawakufaidika na maelezo yao. Kazi zile hazikuwa insha, na wale walikuwa watoto, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti huo mzigo usio wake. Lakini mwalimu yeyote aliyewahi kurudisha karatasi darasani ameona macho yanakokimbilia.

Historia ya fasihi yetu ina mfano ninaoupenda. Juni 1962 palifanyika Makerere mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa chuo hapo, wakati huo akijulikana kwa jina la James Ngugi, alikuwa na mswada wa riwaya na akamwomba Chinua Achebe autazame. Achebe, katikati ya shughuli za mkutano, aliusoma na kutoa mapendekezo machache. Mswada ukafika kwa wachapishaji wa Heinemann, na mwaka 1964 ukatoka kitabu, Weep Not, Child. Kisa hicho husimuliwa kama bahati ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Bahati ilikuwapo, lakini tazama pia wakati: msomaji hodari alimfikia mwanafunzi kazi ingali mswada. Mapendekezo yaleyale yangemfikia kitabu kikiwa dukani, yangekuwa uhakiki tu.

Walimu watauliza muda utoke wapi, na wana haki ya kuuliza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki chenye kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi hawakufika 20. Leo somo moja la mwaka wa kwanza linaweza kuwa na mamia ya watu, wengine wakisikiliza wakiwa wamesimama mlangoni. Tufanye hesabu. Darasa la wanafunzi 200, dakika 10 kwa kila nakala ya mwisho, ni dakika 2,000, zaidi ya saa 33, na maelezo yake yanaishia koridoni. Gawa upya: dakika 1 kwa kila swali la utafiti, ni dakika 200. Dakika 5 kwa kila rasimu, mambo mawili tu, ni dakika 1,000. Nakala ya mwisho ipate dakika 3 kwa jedwali la vigezo, bila maelezo, ni dakika 600. Jumla ni dakika 1,800, yaani saa 30. Muda haukuongezeka. Umehamishiwa mahali unapofanya kazi.

Kwa darasa la 600 hesabu hiyo haibebeki, na kumdai mhadhiri mmoja aifanye ni kumwonea. Hapo asome rasimu 30 alizozichagua bila mpangilio, aandike barua moja ya kurasa mbili kwa darasa zima: haya ndiyo mambo manne niliyoyaona, huu ni mfano wa aya iliyofanya vizuri, hii ni namna ya kuitengeneza iliyokwama. Makosa ya wanafunzi wa kozi moja hufanana sana. Anayesoma barua hiyo akiwa na rasimu yake mkononi atajiona humo.

Na wenzao wasomane. Hapa uzembe wa kupanga huharibu kila kitu. Ukiwaambia tu "someni kazi za wenzenu mtoe maoni", utapata "kazi nzuri, hongera, rekebisha spelingi". Hakuna anayetaka kumwaibisha rafiki aliye naye chumba kimoja hosteli. Mpe msomaji kazi tatu zisizohusu sifa wala lawama. Aandike kwa sentensi moja alichoelewa kuwa ndiyo hoja. Aweke alama mahali alipopotea. Aulize swali moja ambalo kazi haijalijibu. Yule kijana wa Magomeni alifanya hilo la tatu tu, na lilitosha.

Wapo waliozipinga njia hizi kwa hoja nzito. Lisa Delpit, mwalimu Mmarekani Mweusi, aliandika mwaka 1986 na tena 1988 kwamba uandishi wa mchakato, kama ulivyofundishwa na walimu wengi, uliwafaa watoto ambao nyumbani kwao lugha ya shule ilikuwa ndiyo lugha ya mezani. Watoto wengine waliachwa "wagundue sauti zao" bila kuambiwa waziwazi kanuni ambazo wasahihishaji wangewapimia. Naliona onyo hilo likitufaa sana sisi. Mwanafunzi wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza, hawezi kuachiwa agundue peke yake jinsi aya ya kitaaluma inavyojengwa. Aoneshwe, kwa mfano uliowekwa ubaoni na kuchambuliwa.

Takwimu zinamuunga mkono Delpit. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti za ufundishaji wa uandishi kwa wanafunzi wa darasa la nne hadi la kumi na mbili na kupima ukubwa wa athari ya kila njia. Kuwafundisha waziwazi mikakati ya kupanga, kudurusu na kuhariri kulipata 0.82. Wanafunzi kufanya kazi pamoja kulipata 0.75. Mbinu ya mchakato kwa ujumla wake ilipata 0.32, ongezeko la wastani tu, na somo la sarufi lililofundishwa peke yake, nje ya uandishi, lilishuka chini ya sifuri. Kuweka tarehe tano kwenye ratiba ya kozi kwa hiyo hakutoshi. Kinachoinua kazi ni kile kinachofundishwa kati ya tarehe hizo.

Suala la lugha lina jambo moja zaidi. Vivian Zamel, aliyechunguza mwaka 1983 wanafunzi sita walioandika kwa Kiingereza kisicho lugha yao ya kwanza, aliona kwamba wenye ustadi walishughulika na maana kwanza na kuiacha lugha ingoje. Aliyekuwa dhaifu zaidi alikwama kwenye maneno tangu mstari wa kwanza. Kwa hiyo kozi inayofundishwa kwa Kiingereza iruhusu hatua za mwanzo zifanywe kwa Kiswahili: swali, mjadala wa vikundi, muhtasari wa vyanzo, hata kiunzi. Mwanafunzi aijue hoja yake katika lugha anayoimudu, kisha aivushe. Najua wapo watakaosema kufanya hivyo ni kushusha kiwango. Kiwango kinashushwa na kurasa nane za Kiingereza sanifu zisizodai kitu.

Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, kurasa za aina hiyo zinapatikana kwa sekunde. Vyuo vimekimbilia programu za kugundua maandishi ya akili mnemba, na walimu wanabaki wakibishana na wanafunzi kuhusu asilimia zinazotolewa na mashine. Hatua hazimzuii mdanganyifu aliyedhamiria. Mashine inaweza kutunga hata swali na kiunzi. Lakini wanafunzi wengi huazima maandishi usiku wa mwisho, wakiwa na ukurasa mtupu na hofu ya sapu. Aliye na swali lake, vyanzo alivyovieleza na rasimu iliyosomwa na mwenzake haufikii usiku huo mikono mitupu. Pamoja na nakala safi mwalimu amdai ukurasa mmoja unaoeleza alibadili nini kati ya rasimu mbili na kwa nini. Aliyeandika mwenyewe ataujaza kwa dakika chache, na katika semina ataweza kuulizwa juu yake.

Wapo watakaosoma haya ambao ni wanafunzi, na wahadhiri wao hawatabadili kitu muhula huu. Msisubiri. Tafuteni watu watatu wa kozi moja. Kama kazi inakusanywa Ijumaa ya wiki ya kumi na mbili, wekeni tarehe zenu: swali wiki ya nne, vyanzo wiki ya sita, rasimu wiki ya tisa. Siku ya kusomana, mwenzako anaposhika rasimu yako, usimweleze ulichokusudia kusema. Mwache asome mpaka mwisho, akuambie alichoelewa, nawe uyaandike maneno yake kama alivyoyasema. Rasimu ya pili ianzie pale maneno yake yanapotofautiana na yako.